Mashine inayooshwa kila siku usiiwekee bushi za nailoni

Kama mashine yako inafungasha maziwa au juisi na inaoshwa kwa maji ya moto kila zamu, achana na bushi za nailoni (bushi ni kipande chenye tundu ambamo shafti huzunguka). Nailoni 6 hunywa maji: ikishiba kabisa hubeba hadi karibu asilimia 9 ya uzito wake, kisha inavimba. Tundu linaibana shafti, joto linapanda, na kwa mwendo wa kasi bushi inakwisha mapema, pengine na shafti yenyewe. Wengi hulaumu grisi, kumbe tatizo ni plastiki.

Chonga bushi za asetali, plastiki nyingine ngumu (muuzaji huiandika POM). Hunywa takriban asilimia 1 tu, kwa hiyo kipimo cha leo ndicho utakachokikuta mwezi ujao. Ila klorini kali na asidi huila, basi suuza vizuri baada ya kupiga dawa. Hili nalisisitiza sana.

Nailoni ibaki kwenye mashine kavu, za unga kwa mfano. Huko inastahimili mishtuko vizuri. Na penye chumvi, bolti ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, siyo 304.