Karura imekauka? Namna ya kuisoma njia ya baiskeli baada ya mvua

Ijumaa jioni msimu wa masika simu yangu hujaa swali moja: "Karura imekauka?" Wanaouliza wanataka ndiyo au la. Mimi huwarudishia maswali: huko mvua ilikatika saa ngapi, na unapanga kupita wapi? Karura, msitu wa Nairobi wenye zaidi ya hekta 1,000, haukauki wote kwa siku moja. Tena mvua ya Nairobi ina ubaguzi. South B inaweza kulala kavu huku Kiambu Road ikifurika.

Anza na udongo. Ule mwekundu wa Karura umetokana na miamba ya volkano. Ni wa mfinyanzi, ndiyo, lakini chembe zake hushikana katika vijibonge vidogo na kuacha mianya ambayo maji huteremkia. Usiku usio na mvua pamoja na asubuhi ya jua mara nyingi hutosha kwa sehemu zilizo wazi. Udongo mweusi wa Embakasi na Kitengela ni habari nyingine kabisa. Ukilowa huvimba, nyufa zote za kiangazi zikajiziba, na maji yaliyobaki juu hayana pa kwenda ila kusubiri jua. Huko hesabu siku, usihesabu saa. Ukiingia mapema, tope litajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome, na baiskeli uliyokuja ukiiendesha utarudi umeibeba begani.

Watu wengi wakiwaza kukauka huwaza jua peke yake. Mimi hutazama mteremko kwanza. Njia iliyochongwa ubavuni mwa kilima, ikainamishwa kidogo upande wa bondeni, huyamwaga maji mvua ikiwa bado inanyesha, kwa hiyo kazi ya jua huwa ndogo. Njia inayoshuka moja kwa moja hadi chini hugeuka mfereji, na ikishachimbika katikati, kingo zake huyafungia maji ndani. Kisha kuna kukanyagwa. Pale ambapo watu, mbwa na baiskeli wamepita kwa miaka, ardhi imeshindiliwa na maji huzama kwa shida. Ndiyo sababu utakuta dimbwi limetulia katikati ya njia, na hatua mbili pembeni, vichakani, ardhi imeshameza kila kitu.

Upepo nao haupewi heshima yake. Kule juu ya vilima vya Ngong mitambo ya umeme wa upepo haikusimamishwa kwa urembo. Mgongoni udongo ni mwembamba juu ya mwamba, nyasi ni fupi na miti ni michache. Jua likitoka kidogo tu, unapita. Karura ni kinyume chake, hasa bondeni kando ya mto chini ya miti ya asili. Upepo haufiki, hewa ina unyevu, na matawi huendelea kudondosha maji muda mrefu baada ya mawingu kuondoka. Majani yaliyotandaa chini huukinga udongo usichimbuliwe na matone, lakini pia huufungia unyevu. Yasukume kwa kiatu utazame kilichoko chini kabla ya kusema pamekauka.

Kalenda nayo ina hila. Julai mvua ni haba Nairobi, ila mawingu hukaa mpaka mchana na baridi haiondoki. Manyunyu kidogo ya usiku yanaweza kuacha utelezi mrefu kuliko mvua kubwa ya Januari. Kwa kuwa asubuhi ndiyo huwa na mawingu zaidi, miteremko inayotazama magharibi hupata jua la alasiri, nami huianza hiyo nikiwa na haraka.

Ukifika, usiamini rangi. Udongo mwekundu hupauka juu ukiwa bado laini ndani. Kanyaga kwa kisigino, ukiweka uzito wote. Alama hafifu ni ruhusa; kisigino kikizama na kingo zikavimba, bado. Kama una shaka, chukua udongo kidogo uuviringishe kati ya viganja: ukitoka uzi mwembamba usiokatika, una maji mengi, ukivunjika vipande, twende. Mwisho endesha mita chache, ushuke, ugeuke nyuma. Kama tairi limeacha mfuo au limevaa tope, jibu umepata, hata kama umelipa kiingilio na rafiki zako wanakucheka.

Ukali wangu hapa una sababu. Mfuo uliochimbwa leo hukauka ukawa mgumu kama tofali, na mvua inayofuata huukuta tayari ni njia yake. Siku hizo pita barabara pana za msituni zenye changarawe, uwaachie wakimbiaji njia nyembamba.

Ukikutana na dimbwi moja katika njia iliyo kavu kwingine, pita katikati yake polepole. Najua viatu ni vipya. Lakini kila anayelikwepa hukanyaga nyasi za pembeni, na baada ya msimu njia ya mtu mmoja imekuwa ya kupita trekta. Mizizi na mbao za madaraja zikilowa huteleza: vuka ukiwa umenyoosha usukani, na breki umalize kuzishika kabla hujafika.

Na kama njia ni ya shambani kwako, au mwenye eneo amekuruhusu, beba jembe siku ya mvua. Utaona maji yanapokwama. Kata ukingo wa upande wa chini, mkato mpana usio na kina, maji yatoke. Msituni Karura usijichukulie uamuzi huo, waonyeshe askari wa msitu mahali penyewe.

Nyumbani osha kwa ndoo na brashi. Mashine ya presha ya kuoshea magari husukuma maji na mchanga ndani ya beringi. Futa cheni, ipake mafuta jioni hiyo hiyo, kwa maana kutu haingoji Jumapili.