Somo: Namna ya kupeleka simulizi ya ugonjwa mbele ya wanaopanga huduma za afya

Ndugu wanachama, naandika somo hili nikiwa Tabora, mzazi wa mtoto mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu), ambaye kwa miaka mingi nilisimulia mateso yetu kwenye mabenchi ya kliniki, mahali ambapo kila aliyenisikiliza alikuwa na mateso kama yangu na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kubadili chochote.

Hatua ya kwanza ni kujua nani anaamua. Jambo la zahanati moja huanzia kwenye kamati ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka jamii. Linalogusa vituo vingi ni la Bodi ya Afya ya Halmashauri na Baraza la Madiwani. Ilhali orodha ya taifa ya dawa muhimu huamuliwa wizarani, na huko ni afadhali mpitie chama cha wagonjwa. Nimeona watu wakimfokea mganga mfawidhi kwa jambo lisilo mikononi mwake, na wote wakaachana wamenuna.

Hatua ya pili ndiyo ngumu: chagua tukio moja na ombi moja. Mimi nilisema hivi: “Mwanangu alishikwa na maumivu ya mifupa, tukafika kituoni saa saba usiku, tukapanga foleni pamoja na wenye homa, na dawa ya maumivu akaipata saa kumi na mbili asubuhi. Naomba uwepo utaratibu ulioandikwa wa kumhudumia mgonjwa wa selimundu mara afikapo.” Kisha nikaongeza kwamba mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha wataalamu wa magonjwa ya damu cha Marekani unapendekeza dawa hiyo itolewe ndani ya saa moja. Machozi yakija, yaje. Lakini usipokuwa na ombi utapewa pole nyingi, na mwenyekiti ataita ajenda inayofuata.

Hatua ya tatu ni ridhaa. Mtoto anayeelewa aulizwe kwanza. Wangu alikubali nieleze maumivu, akakataa nitaje shule yake.

Hatua ya nne ni muda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na Bunge la bajeti huanza vikao Aprili, kwa hiyo anayepeleka ombi lenye gharama mwezi Mei amechelewa. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu: lisemee hapo mapema, na uhakikishe limeandikwa katika muhtasari.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Urambo: Shikamoo mwalimu. Ninaishi na VVU na nina ya kusema kuhusu foleni za dawa, lakini sitaki kijiji kizima kinijue. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Hulazimiki kujitaja. Sheria ya mwaka 2008 ya kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya hali yako. Mweleze kiongozi wa KONGA, yaani mtandao wa watu wanaoishi na VVU, katika halmashauri yako, awasilishe tukio bila jina wala kitongoji.

Mwanachama wa Uvinza: Sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tukipewa rufaa tunategemea boti, na mafuta tunachangishana. Hilo nalo ni simulizi ya mgonjwa?

Jibu: Ni simulizi kamili. Kusanyeni safari nne au tano, kila moja ikiwa na saa ya kuondoka, saa ya kufika na fedha iliyochangwa, kisha mkabidhini diwani kabla halmashauri haijapitisha bajeti yake.

Mwanachama wa Nzega: Wataalamu wana takwimu. Maneno ya mgonjwa yana uzito gani mbele yao?

Jibu: Takwimu husema wangapi, wewe unasema ilivyotokea. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliiamuru serikali iondoe kizuizi kilichowanyima wajawazito wengi wenye VVU nevirapini, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto, katika hospitali za umma. Katika kesi hiyo, iliyofunguliwa na Treatment Action Campaign, shirika la kutetea haki ya matibabu, na wenzake, maelezo ya kiapo ya madaktari yaliwekwa mezani pamoja na ya akina mama wenyewe.