Somo: Kuandaa buli jipya la udongo wa Yixing

Buli la Yixing, kutoka mkoa wa Jiangsu nchini China, halipakwi ung'arishi wowote, si ndani si nje. Udongo wake, zisha, hata ukishachomwa hubaki na vitundu vidogo mno vinavyofyonza harufu. Kwa hiyo buli moja, aina moja ya chai.

1. Likague. Jaza maji, mimina, na wakati maji yanatoka ziba kwa kidole kile kitundu cha kifuniko. Maji yakikatika papo hapo, kifuniko kimekaa barabara. Kisha chungulia ndani. Buli la mkono hujengwa kwa bapa la udongo lililopondwa kwa nyundo ya mti, likazungushwa na kuungwa; mara nyingi alama ya kiungo huonekana ukutani, upande wa kishikio. La uji wa udongo uliomiminwa kwenye kalibu huwa laini kote, usilinunue kwa bei ya kazi ya mkono.

2. Lichemshe. Suuza vumbi kwa maji ya uvuguvugu. Tandika kitambaa ndani ya sufuria isiyonuka vitunguu, weka buli na kifuniko mbalimbali, maji BARIDI yafunike vyote. Moto mdogo, dakika 20 hadi 30, kisha viache vipoe humohumo. Ukitumbukiza buli baridi kwenye maji yanayochemka, linaweza kupasuka.

3. Pika. Kwa buli la mililita 120, gramu 6 au 7 za oolong, chai ya Kichina iliyo kati ya ya kijani na nyeusi. Lipashe kwanza kwa maji ya moto, uyamwage. Tia majani, mimina maji yaliyochemka mpaka povu lifike ukingoni juu, likwangue kwa ukingo wa kifuniko. Maji haya ya kwanza yamwage upesi, ni ya kuoshea. Yanayofuata yakae sekunde 15, kisha ongeza sekunde 5 kila mara. Tieguanyin, aina ya oolong iliyoviringwa, ipe 20 mwanzoni, maana inachelewa kufunguka. Kila mara mimina hadi tone la mwisho: maji yakibaki ndani majani yanaendelea kuiva, na chai inayofuata inakuwa chungu.

4. Toa majani siku hiyohiyo, suuza, likauke kifuniko kikiwa wazi. Ukungu huanzia kwenye unyevu uliobaki.

MASWALI

— Mwalimu, majani yetu ya Kericho yanafaa?
Yale ya chembe ndogo huziba vitundu vya mdomo, hasa mabuli yenye kitundu kimoja. Na maziwa usithubutu: yanaingia kwenye udongo na kuchacha.

— Dada wa kazi ameliosha kwa sabuni. Nimelipoteza?
Hapana, ndugu. Chemsha kama hatua ya 2, badilisha maji, rudia. Linuse likiwa bado la moto, kwani likipoa harufu hujificha. Endelea mpaka iishe.

— Nipake mafuta ling'ae?
Usipake. Mafuta huvunda. Lifute kwa kitambaa kilicholowa chai likiwa moto. Baada ya miezi mng'ao unakuja wenyewe.

— Na chai ya kijani?
Hiyo tumia gaiwani, bakuli la kaure lenye kifuniko. Za Jingdezhen, mji wa kaure nchini China, ni nyembamba na hupoa haraka. Maji nyuzi 80. Buli nene la zisha hushika joto mno, majani mabichi yanaungua.