Jinsi ya Kuchagua na Kujenga Meko ya Kuni ya Kupasha Nyumba Joto

Anayetaka kupasha nyumba yake joto kwa kuni kwa kawaida huanza kwa kuchagua sura ya meko: rangi ya mawe, upana wa kinywa, rafu itakayokaa juu yake. Ushauri wangu ni kuanzia kwenye dohani, kwa kuwa ndiyo inayovuta hewa ipite kwenye kuni, ndiyo inayotoa moshi na gesi zenye sumu, na ndiyo inayoamua kama chumba kitapata joto au kitajaa moshi. Meko ya thamani kubwa yakiunganishwa na dohani mbaya hayafai kitu, ilhali meko ya kawaida kabisa yaliyo chini ya dohani nzuri yatakuhudumia kwa miaka mingi. Kabla ya yote, ulizia kanuni za ujenzi za mahali ulipo na upate kibali kinachohitajika. Vipimo nitakavyovitaja ni vile vinavyokubalika kwa mapana, lakini pale kanuni za mahali au maelekezo ya mtengenezaji yanapotaka nafasi kubwa zaidi, hayo ndiyo ya kufuatwa.

Hatua ya kwanza: Amua kama unataka joto au mandhari ya moto

Meko yaliyo wazi hupendeza macho, lakini ni kifaa dhaifu cha kupashia nyumba. Moto ulio wazi hufyonza hewa ya chumba iliyokwisha kupata joto na kuipandisha dohanini, kisha nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayopenya kwenye nyufa za milango na madirisha. Ndiyo maana aliyeketi mbele yake huona uso ukichomeka huku mgongo ukipigwa na baridi. Kwa kawaida ni takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya nishati ya kuni inayobaki ndani ya nyumba.

Meko yaliyofungwa, yaani sanduku la chuma lenye mlango wa kioo kinachohimili joto, hufikisha asilimia 70 hadi 80. Sababu yake ni kwamba kuni haiungui yote kama kipande kigumu: sehemu kubwa ya nishati yake hutoka kwanza kama gesi, na gesi hizo huhitaji joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi pamoja na hewa safi ili ziwake. Ndani ya sanduku lililofungwa, lenye matundu ya kuingizia hewa ya pili juu ya miali, zinapata vyote viwili. Katika meko yaliyo wazi nyingi hupanda juu bila kuungua na kugeuka moshi.

Ipo pia aina ya tatu: meko makubwa ya matofali yenye uzito wa tani moja au zaidi, ambayo huwashwa moto mkali mara moja au mbili kwa siku na kisha huachia joto polepole hadi kesho yake. Ni mazuri sana kwa nyumba yenye watu kutwa nzima katika majira marefu ya baridi, lakini ujenzi wake unahitaji fundi aliyesomea kazi hiyo hasa, kwa hiyo sitauingilia hapa. Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi meko yaliyofungwa, na nitatenga nafasi ndogo kwa anayesisitiza meko yaliyo wazi.

Hatua ya pili: Kokotoa nguvu inayohitajika

Zidisha urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, kisha gawanya kwa 14 ikiwa nyumba imezuiwa baridi kwa wastani, au kwa 10 ikiwa kuta na dari havina kizuizi chochote. Jibu ni makadirio ya kilowati. Chumba cha mita 5 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina mita za ujazo 54, kwa hiyo kinahitaji takriban kilowati 4 katika hali ya kwanza na zaidi kidogo ya 5 katika hali ya pili.

Usishawishike kununua kubwa kwa kudhani kwamba ziada haina madhara. Meko yenye nguvu kupita kiasi hugeuza chumba tanuri, mwenye nyumba naye hubana hewa ili kupunguza moto, na moto uliobanwa hutoa moshi mzito, hupaka kioo masizi na kujaza dohani lami. Meko madogo yanayowaka kwa nguvu yake kamili ni safi na salama kuliko makubwa yanayonyimwa hewa.

Hesabu ya kuni nayo ni rahisi. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban kilowati-saa 4 za nishati. Ukitaka kilowati 4 kwa saa 5, unahitaji kilowati-saa 20 ndani ya chumba: meko yaliyofungwa yenye ufanisi wa asilimia 75 yatatumia kilo 7 hivi, na meko yaliyo wazi yenye asilimia 15 yatatumia kilo 33 kwa joto lilelile. Mwenye kupasua, kubeba na kupanga kuni hizo ni wewe.

Hatua ya tatu: Chagua mahali kwa kuifuata dohani

Hewa ya moto hupanda kwa sababu ni nyepesi kuliko hewa baridi iliyo nje, na kadiri dohani inavyokuwa ndefu na yenye joto, ndivyo mvuto unavyoongezeka. Kutokana na kanuni hiyo moja utapata majibu ya karibu maswali yote ya mahali. Dohani ipite ndani ya nyumba, ikiwezekana katikati, wala isibandikwe kwenye ukuta wa nje ambako baridi huipoza. Ikipita ndani, hata joto linalovuja kwenye kuta zake hubaki nyumbani. Ipande wima. Ikilazimu kukwepa mbao za kenchi, isipinde zaidi ya nyuzi 45 kutoka wima, na mipinde isizidi miwili. Kimo chake kutoka kwenye meko hadi mdomoni kisipungue mita 4.5.

Mdomo wa juu una kanuni yake: uinuke angalau sentimita 90 juu ya mahali dohani inapotoboa paa, na uwe juu kwa angalau sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya umbali wa mita 3, ikiwemo sehemu ya juu ya paa lenyewe. Dohani fupi iliyojificha nyuma ya mgongo wa paa hupigwa na upepo unaoshuka, na moshi hurudi chumbani. Kosa hili hulipiwa kila siku ya upepo, na kulirekebisha baada ya paa kufungwa ni kazi ngumu.

Hatua ya nne: Msingi na sakafu

Sanduku la chuma linalojitegemea huweza kukaa juu ya sakafu ya zege bila matayarisho makubwa. Meko ya matofali pamoja na dohani yake huhitaji msingi wao wenyewe: zege la unene wa sentimita 30 lisilopungua, lenye nondo, lililotokeza sentimita 15 kila upande, na lililokaa kwenye udongo mgumu. Mbele ya kinywa weka sakafu isiyoungua, ya mawe au vigae juu ya zege, inayotoka angalau sentimita 40 mbele na sentimita 20 kila upande. Kinywa kikiwa kikubwa zaidi ya nusu mita ya mraba, ongeza hadi sentimita 50 mbele na 30 pembeni. Kaa linaloruka kutoka kwenye kuni yenye utomvu huenda mbali kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya tano: Kuweka meko

Soma bamba la mtengenezaji lililopigwa nyuma ya sanduku. Juu yake huandikwa umbali wa chini kabisa kutoka kwenye vitu vinavyoungua. Fahamu kwamba mbao iliyofunikwa kwa plasta bado ni mbao. Ikipata joto mwaka baada ya mwaka hukauka kupita kiasi, na mwishowe huweza kuwaka kwa joto dogo kuliko lile ambalo mbao mpya ingevumilia. Kwa sababu hiyo ukuta wa fito au mbao nyuma ya meko uondolewe, ujengwe upya kwa matofali au mbao za saruji, na nafasi ya hewa iachwe wazi.

Weka sanduku mahali pake, lisawazishe kwa pimamaji, kisha teremsha timazi kutoka kwenye tundu la dari hadi katikati ya kola ya meko, yaani shingo ya juu ya sanduku inayopokea bomba la dohani, kabla ya kufunga chochote.

Kwa anayejenga meko yaliyo wazi, ukuta wa ndani uwe wa matofali ya kuhimili moto yaliyounganishwa kwa udongo maalumu wa kuhimili moto, na viungo visizidi milimita 6. Saruji ya kawaida hupasuka na kumeguka. Eneo la ndani la dohani ya mraba liwe moja ya kumi ya eneo la kinywa, na la dohani ya duara liwe moja ya kumi na mbili. Kinywa cha sentimita 80 kwa 70 kina sentimita za mraba 5,600, hivyo kinahitaji dohani ya mraba ya sentimita 24 kwa 24, au ya duara yenye kipenyo cha 25. Inafaa pia kukumbuka kazi ya mwanasayansi Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumford, ambaye mwaka 1796 alichapisha insha akieleza kwamba meko yasiwe na kina kikubwa, kuta za pembeni zilazwe kwa mshazari ili zirushe joto chumbani, na koo la dohani, yaani njia nyembamba ambako moshi unatoka mekoni na kuingia dohanini, libanwe hadi upana wa sentimita 10 hivi. Umbo hilo bado ndilo bora zaidi kwa moto ulio wazi.

Hatua ya sita: Kuunganisha dohani

Kipenyo cha bomba kisipungue popote kuanzia kwenye kola ya meko hadi juu ya paa. Ikiwa kola ina milimita 150, basi bomba lote liwe na milimita 150. Bomba jeusi la ukuta mmoja litumike ndani ya chumba tu, likae angalau sentimita 45 kutoka kwenye kitu kinachoungua, na lisipite kamwe kwenye dari. Kuanzia darini kwenda juu tumia bomba la kuta mbili la chuma kisichoshika kutu, lenye kizuia joto katikati.

Angalia jinsi vipande vinavyoingiliana. Ncha nyembamba ya kila kipande iangalie chini, kuelekea kwenye meko, na iingie ndani ya mdomo mpana wa kipande kilicho chini yake. Mafundi wengi hufanya kinyume kwa kudhani kwamba wanauzuia moshi usivuje. Moshi hauvuji, kwa kuwa mvuto huuelekeza ndani na juu; kinachovuja ni maji meusi ya lami yanayoteremka kwenye ukuta wa bomba, na kiungo kikigeuzwa hutiririka nje na kuchafua bomba lote. Kila kiungo kifungwe kwa skrubu tatu.

Dohani ya zamani ya matofali isitumiwe ilivyo. Ingiza ndani yake bomba la chuma kisichoshika kutu lenye kipenyo cha meko, lizungushie kizuia joto, na uzibe juu na chini. Mahali bomba linapotoboa paa, funga bati la kuzuia maji likiingia chini ya vigae vya upande wa juu na kulala juu ya vile vya upande wa chini. Malizia kwa kofia ya mvua.

Hatua ya saba: Hewa ya kuingia

Moto hauwezi kutoa hewa nje ikiwa hakuna inayoingia. Katika nyumba iliyozibwa vizuri, leta bomba la milimita 100 kutoka nje hadi kwenye meko. Jihadhari hasa na feni ya jikoni ya kutoa moshi, kwani ikiwashwa huweza kushinda mvuto wa dohani na kuvuta gesi za moto kurudi chumbani. Mojawapo ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Kitambuzi chenye king'ora kwa gesi hiyo kiwekwe katika chumba chenye meko, na kingine karibu na vyumba vya kulala.

Hatua ya nane: Jaribio na moto wa kwanza

Kabla ya kuwasha kuni, washa gazeti lililokunjwa na ulishike karibu na koo la dohani. Miali ikiinama kuelekea juu, mvuto upo. Moshi ukirudi kukujia, dohani imejaa hewa baridi na inahitaji kupashwa kwa karatasi mbili tatu kwanza. Jaribu tena madirisha yote yakiwa yamefungwa na feni ya jikoni ikiwa inafanya kazi.

Meko mapya ya matofali yasubiri takriban mwezi mmoja, kisha yawashwe moto mdogo, kila siku mkubwa kidogo kuliko wa jana, ili maji yaliyobaki yatoke bila kupasua viungo. Sanduku la chuma nalo hutoa harufu ya rangi mara ya kwanza, kwa hiyo fungua madirisha. Kuni zipangwe kubwa chini, ndogo juu, na vichocheo juu kabisa, kisha washa kutoka juu: gesi za kuni za chini hupita kwenye miali na kuungua, na dohani hupata joto mapema.

Hatua ya tisa: Kuni na usafi

Kuni mbichi huweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na maji hayo yote lazima yachemke kabla joto halijafika chumbani. Pasua kuni, zipange mahali palipoezekwa juu na pembeni pawazi, uziache mwaka mmoja hadi miwili mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Kipima unyevu ni kifaa cha bei nafuu, na kipande kipasuliwe kwanza ili upime moyo wake. Bila kipimo, gonga vipande viwili pamoja: vikavu hutoa mlio mkali, vibichi hutoa mlio mzito uliofifia. Usichome mbao zilizopakwa rangi au dawa, wala magogo yaliyotoka baharini, kwani chumvi yake hula chuma.

Moshi wa kuni mbichi ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi huganda dohanini kuwa kreosoti, lami nyeusi inayowaka. Ikishika moto, joto ndani ya dohani huweza kupita nyuzi 1,000. Dohani isuguliwe kwa brashi ya kipenyo chake angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi utando ukifikia milimita 3. Majivu yatolewe kwa koleo la chuma na yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje ya nyumba na juu ya sakafu isiyoungua, kwa sababu kaa lililofukiwa humo huweza kubaki na moto kwa siku kadhaa.