Kujenga Mnara wa Kumbukumbu ya Vita kwa Mawe na Vyuma vya Kale

Kabla ya jiwe au chuma chochote cha kale kuingizwa katika mnara, kamati ya eneo iandike katika daftari kilipotoka, nani alikitoa na kilitumika wapi. Mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg uliopo Fort Jesus, Mombasa, una thamani kwa sababu safari yake inajulikana: meli hiyo ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, kisha mizinga yake 10 ya milimita 105 ikaopolewa na kutumiwa nchi kavu na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Bila habari hizo, ungekuwa bomba zito la chuma.

Kibali kitafutwe mapema, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nchini Tanzania, na ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 nchini Kenya, haziruhusu magofu kubomolewa kiholela. Risasi na makombora yasiguswe hata yakionekana yameoza, waitwe polisi.

Mawe ya matumbawe kutoka nyumba zilizobomoka yaoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yakauke kivulini, kisha yaunganishwe kwa chokaa na mchanga safi. Mafundi wengi hukimbilia saruji kwa sababu hukauka upesi, lakini saruji ni ngumu kuliko matumbawe na huzuia unyevu kutoka, hivyo chumvi hupenya kwenye jiwe lenyewe na kulimega. Chokaa, kinyume chake, hupumua, na kizazi kijacho kitaweza kuitoa bila kuvunja jiwe. Ukuta ufunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa.

Kutu iliyolegea iondolewe kwa brashi ya waya, si kwa kupulizia mchanga, ambao hufuta alama za kiwanda. Mtutu wa mzinga uelekezwe chini kidogo ili maji yasituame ndani.

Kuhusu maandishi, sanamu za askari za Nairobi na Dar es Salaam huwataja wapagazi, yaani waliobeba mizigo ya majeshi, kwa jumla tu. Mnara wa kijiji unaweza, tena unapaswa, kuandika majina yao yanayokumbukwa na wazee. Kibao kidogo pembeni kieleze asili ya kila jiwe, nakala ya daftari ihifadhiwe katika ofisi ya kata, na rangi ya vyuma ikaguliwe kila baada ya masika.