Kubadilisha Filta ya Kiyoyozi cha Gari
Kiyoyozi kinapotoa upepo hafifu ilhali feni inavuma kwa nguvu, kagua kwanza filta ya hewa kabla ya kumruhusu fundi aongeze gesi, kwa kuwa upungufu wa gesi kwa kawaida huondoa ubaridi, si nguvu ya upepo. Katika Toyota nyingi, Corolla ikiwemo, filta hiyo hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya abiria. Ondoa vitu vyote drooni, chomoa kijiti kinachoizuia pembeni, kisha bana kuta zake mbili kuelekea ndani hadi iteremke. Fungua kifuniko na uvute filta taratibu, ili uchafu usidondokee feni. Ingiza mpya yenye vipimo vilevile, mshale wake ukielekea ulikoelekea ule wa zamani. Kuipuliza kuukuu kwa kompresa na kuirudisha sikushauri kabisa, kwani huchanika kwa urahisi.