Umesoma amri ya Biblia, sasa unaifanyaje Jumatatu ukiwa kazini?

Bwana asifiwe wapendwa. Kwenye fellowship kuna swali huwa linarudi kila mara, mtu anasema sawa nimesoma, nimeelewa, sasa nifanye nini? Mimi naliona ni swali zuri sana manake ndo lile lile watu walimuuliza Yohana Mbatizaji kule Yordani, fungua Luka 3 kuanzia mstari wa 10. Angalia alivowajibu. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, watoza ushuru wasichukue zaidi ya walichopangiwa, askari waache kudhulumu watu na watosheke na mshahara wao. Kila mtu alipewa jibu linaloingia kwenye kazi yake, hakuna aliyeambiwa tu nenda ukaombe zaidi.

Kwa hivo nitaeleza vile mtu wa kawaida anaweza kusoma mafundisho ya Biblia mpaka yafike kwenye maisha yake, na kama utashika kitu kimoja kwa haya yote naomba kiwe hiki: kila amri kuna mtu inamlinda. Ukishamjua huyo mtu ni nani hapo mtaani kwako, amri umeshaielewa kuliko mtu aliyeikariri mwaka mzima.

Anza na kilichotangulia amri

Watu wakisoma Amri Kumi, Kutoka 20, wanaanzia "usiwe na miungu mingine", wanaruka mstari wa 2 na huo ndo mlango wa zote: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Mungu aliwatoa kwanza alafu ndo akawapa amri, hakuwaambia mkizishika hizi nitawatoa. Sisi wa Mombasa hili halifai kutupa shida, pita pale Kengeleni uiangalie ile kengele ya Freretown, hapo wamishenari wa CMS, shirika la umishenari la Waanglikana wa Uingereza, walianzisha makazi miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mtu aliyetolewa kwenye jahazi ukimsomea mstari wa 2 hahitaji mhubiri wa kumfafanulia.

Na hii inabadilisha vile unavosoma zingine zote. Chukua amri ya Sabato, usiisome Kutoka peke yake, ishike pia Kumbukumbu la Torati 5:14-15, pale sababu inayotolewa ni kwamba mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, kwa sababu wewe pia ulikuwa mtumwa Misri. Sasa Jumapili wewe umevaa vizuri uko kanisani tangu asubuhi hadi saa nane, dada anayekusaidia nyumbani yuko wapi? Kama yuko jikoni anapikia wageni utakaotoka nao kanisani, alafu jioni anafua, alafu Jumatatu saa kumi na moja ameamka kuandaa watoto wa shule, basi mtu aliyelindwa na amri ya nne yuko nyumbani kwako na hajapumzika. Mpe siku yake. Siku nzima, ajue ni siku gani, na asiulizwe ulienda wapi kama mtoto.

Jua unachosoma ni nini

Hapa ntapita haraka kidogo. Biblia ina visa na ina amri, na kisa kuandikwa hakumaanishi kimesifiwa. Kisa cha Daudi kulala na mke wa Uria kiko 2 Samweli 11, lakini usikubali mtu akufunge na sura ya 11 bila sura ya 12 ambapo nabii Nathani anaenda kumwambia mfalme machoni, wewe ndiwe mtu huyo. Waamuzi nao kimejaa mambo ya kutisha, na mstari wake wa mwisho unasema wazi kila mtu alikuwa akifanya aliyoyaona mema machoni pake.

Alafu kuna sheria za Musa zenyewe. Toka zamani wanateolojia, Thomas Aquinas akiwa mmoja wao, walizigawa mafungu matatu, za maadili, za ibada, na za kuendesha taifa la Israeli. Shida ni kwamba kwenye kurasa hazijapangwa hivo. Mambo ya Walawi 19 inakataza kukawiza ujira wa kibarua na inakataza pia nguo ya nyuzi za aina mbili, sura hiyo hiyo moja. Utajuaje? Ifuate amri mpaka Agano Jipya uone Yesu na mitume waliifanyia nini. Ujira wa kibarua utaukuta Yakobo 5:4 unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Kumpenda jirani Yesu anaifanya amri kuu ya pili. Vyakula, Marko 7:19 inasema vyote vilitakaswa. Dhabihu za wanyama, Waebrania inaeleza zimekamilika kwa Kristo. Nguo za nyuzi mbili hakuna mtume aliyewabebesha watu wa mataifa, na Matendo 15 walikaa kikao Yerusalemu kuzungumzia hasa mizigo kama hiyo.

Hapo hapo niseme na hii ya nyama, manake Mombasa inasumbua wapendwa wageni wanaohamia hapa kutoka bara. Bucha karibu zote hapa anayechinja ni Mwislamu, na kuna Mkristo anakuja na dhamiri inamchoma. Paulo aliandikia Wakorintho, mji ambao nyama nyingine ilikuwa imepitia kwenye mahekalu ya sanamu kabisa, akawaambia kinachouzwa sokoni kuleni bila kuulizauliza (1 Wakorintho 10:25). Na jirani yako hachinjii sanamu. Kula na ushukuru. Lakini kama kuna ndugu bado dhamiri yake haijatulia usimcheke, Warumi 14 yote imeandikwa kwa sababu yake.

Amri ya zamani ambayo kitu chake hakiko tena

Hapa ndo watu wengi wanakwama kwa hivo nitakaa kidogo. Kumbukumbu la Torati 24:6 inasema usichukue jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani. Unasoma unasema mimi sina jiwe, unga nanunua dukani, unaruka. Subiri. Jiuliza lile jiwe lilikuwa linafanya nini kwenye nyumba ile: ndo lilikuwa linatoa unga wa kila siku, bila jiwe watoto hawali leo. Na mstari wenyewe unatoa sababu, kwamba kulichukua ni kama kuweka uhai wa mtu rehani. Kwa hivo anayelindwa ni mtu mwenye deni ambaye bado anahitaji kula wakati analipa.

Sasa shuka nayo mpaka kwenye chama chenu cha kuweka na kukopeshana pesa. Mwanachama amekopa, miezi miwili hajarudisha, wamama wanainuka kuenda kwake kubeba vitu. Wanabeba nini? Cherehani. Au mtungi wa gesi na karai la viazi kwa yule anayekaanga jioni pale stage. Au simu, na simu ndo watu wanamtumia pesa ya kazi. Au kitambulisho, akikosa kitambulisho hata kazi ya bandarini haombi. Hayo yote ni mawe ya kusagia. Chukua tivi, chukua sofa, mkubaliane alipe mia mia kila jioni, lakini cherehani iacheni hapo ilipo manake hiyo ndo itawalipa nyinyi wenyewe. Na sheria hiyo hiyo mistari ya 10 hadi 13 inasema mwenye kudai asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa, asimame nje, aletewe. Yaani hata heshima ya mtu mbele ya watoto wake Mungu ameilinda. Nabii Amosi, sura ya 2 mstari wa 8, alilia kwa sababu watu walikuwa wanajilaza kwenye nguo walizoshika rehani kando ya madhabahu. Walikuwa kwenye ibada, wamekalia nguo za maskini! Mimi mstari huo nikiusoma huwa naogopa.

Ukishazoea kufanya hivi, kuuliza kitu kile kilikuwa cha kazi gani na kilimkinga nani, sura nyingi ulizokuwa unaruka zitaanza kuongea.

Soma mstari wako, wa mwenzio muachie

Mume anajua kwa kichwa Waefeso 5:22 unaomhusu mke, lakini mstari wa 25 unaomhusu yeye, ampende mkewe kama Kristo alivolipenda kanisa akajitoa kwa ajili yake, huo anausikia harusini tu. Mzazi anajua watoto watii, 6:1, mstari wa 4 unaomwambia baba asiwachokoze watoto haujui. Ukiwa ndo mwenye nguvu mahali, mwajiri, mume, mwenye nyumba, mweka hazina wa chama, soma ule unaoambiwa wewe kwanza.

Sokoni ni hivo hivo. Muuzaji wa maharagwe pale Kongowea asome Kumbukumbu la Torati 25:13-15, usiwe na vipimo viwili, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia. Kile kibaba cha bati kilichogongwa chini kikabonyea kwa ndani, ukikitazama juu kimejaa mpaka kinamwagika, lakini tia kidole ndani uone kitako kimepanda wapi. Hicho ndo Mungu anachosema, si mfano. Ila mnunuzi naye ana mstari wake, Mithali 20:14, yule anayesema haifai haifai alafu akienda zake anajisifu. Mama ameamka usiku kufuata mchicha, wewe unamminya kwa shilingi tano mpaka anakubali kwa sababu jua linazama na mboga zinanyauka, alafu unafika nyumbani unajisifia bei. Mlipe.

Jirani ambaye si wa kanisa lako

Usimshuhudie jirani yako uongo. Huyo jirani hapa kwetu mara nyingi ni Mwislamu, anakuletea futari Ramadhani na wewe unampelekea pilau Krismasi, na watoto wenu wanacheza pamoja. Alafu kwenye grupu la kanisa inaingia ujumbe, ati Waislamu wa mtaa fulani wamepanga hivi na hivi, forwarded many times, hakuna jina, hakuna tarehe, na wewe unausukuma mbele ukisema ni ya kuombea. Huo ni ushahidi wa uongo mpaka uthibitike. Kabla hujabonyeza jiulize ungeweza kuusoma kwa sauti mbele ya jirani yako barazani? Yesu alipoulizwa jirani yangu ni nani, Luka 10, alimchukua Msamaria, mtu wa dini ambayo waliokuwa wanamsikiliza hawakuitaka, akamfanya yeye ndo mfano mwema.

Pia usitumie sadaka kukwepa wajibu. Marko 7:9-13 Yesu aliwakemea watu waliosema mali niliyofaa kumsaidia nayo mama ni Korbani, imeshatolewa kwa Mungu. Kama mama yako anakosa dawa ya presha na wewe umeahidi pesa kwenye harambee ya kanisa, nunua dawa kwanza. Mchungaji akikasirika muoneshe mistari hiyo kwa heshima.

Ukigundua umemkosea mtu

Toba ina sehemu ya mdomo na sehemu ya mfuko. Mambo ya Walawi 6:1-5 inasema aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe na aongeze sehemu ya tano juu yake, Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, yeye alijipa hukumu kubwa zaidi, mara nne. Kwa hivo keti chini, andika unadaiwa na nani: fundi uliyemkata pesa bila sababu, kibarua uliyemwambia kesho kesho mpaka akachoka, duka uliloacha na daftari la deni ukahama mtaa. Piga hesabu, ongeza ile sehemu ya tano, yaani kwa shilingi 1,000 unaongeza 200, alafu umtafute mwenyewe. Kama huna zote kwa sasa, mwambie utalipa vipi na uanze na kidogo leo. Usimtumie M-Pesa kimya kimya ukajificha, mpigie useme ni ya nini. Akikataa kukusamehe hiyo ni haki yake, wewe lipa. Na Mathayo 5:23-24 inasema hata sadaka yako iache pale madhabahuni uende ukapatane kwanza. Usiogope kwamba Mungu atakuchoka, 1 Yohana 1:9 iko pale kwa ajili yako.

Kama mnataka kuanza kwenye jumuiya au cell group yenu, msianze na kitabu kizima mtachoka. Chukueni Walawi 19:9-18, mtu asome kwa sauti, alafu kila mmoja ajibu maswali mawili tu, hapa analindwa nani, na mimi kwa wiki hii huyo mtu ni nani kwa jina. Jina si lazima litajwe mbele ya watu, liandikwe kwa karatasi ubaki nalo. Wiki inayofuata kabla ya kusoma sura mpya kila mtu aseme kama alimfikia. Mkimaliza hiyo mwende Kumbukumbu la Torati 24, alafu Mathayo 5 hadi 7, hapo chukueni polepole hata mistari michache kwa mkutano, alafu Yakobo yote.